Wenza Zaidi ya Mmoja: Ridhaa na Kinga
Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–2017 ulibaini maambukizi ya VVU kwa asilimia 11.3 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi mkoani Iringa, na asilimia 9.3 mkoani Mbeya. Mwenye wenza kadhaa kwa ridhaa ya wote, awe katika ndoa ya mitala au awe mtu aliyebadili jinsia, anahitaji jambo lilelile: kila mwenza apimwe. Ridhaa huondoa udanganyifu, haiondoi virusi. Ambaye virusi vyake vimefubazwa kwa dawa hadi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Asiye na maambukizi ana kondomu na dawa kinga. Mhudumu na aulize bila kukemea, kwani aliyeaibishwa hunyamaza, na mwenza asiyetajwa hapimwi.