Mundu Katika Damu Yetu

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tumefundishwa habari za urithi, yaani jinsi mtoto apatavyo maumbile yake kutoka kwa wazazi wake. Somo hilo twalisoma kwa Kiingereza, na mtihani wake utakuja kwa Kiingereza, lakini nimeonelea niliandike kwa Kiswahili, kwa kuwa gazeti letu husomwa na wazazi pia, na habari zenyewe zawahusu wao kama zinavyotuhusu sisi. Sitaeleza yote. Nitashika jambo moja tu, nalo ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, maana aliyeuelewa huo ameelewa sehemu kubwa ya somo lenyewe.

Nina sababu nyingine pia. Katika bweni letu yuko mwenzetu mwenye ugonjwa huo, naye amenipa ruhusa nimtaje bila jina. Tukienda mchakamchaka alfajiri yeye hubaki. Mwezi wa saba kukiwa na baridi huoga maji ya moto, na chupa yake ya maji haimwachi mchana kutwa. Wako waliomwita mvivu. Wako waliosema kwa kunong'ona kwamba kwao kuna mkono wa mtu, kwa sababu ndugu yake mmoja alifariki akiwa mdogo. Tena mama yake alipata kuambiwa na watu wa ukoo kwamba yeye ndiye aliyeleta damu mbaya nyumbani. Uvivu, uchawi, na damu mbaya ya mama: maneno hayo nitayajibu kwa kadiri ya elimu niliyo nayo.

Tuanze na damu. Tone moja la damu likitazamwa kwa hadubini huonekana limejaa chembe nyekundu, kila moja ya mviringo na imebonyea katikati, mfano wa kitumbua kilichobonyezwa juu na chini. Ndani ya chembe hizo mna kitu kiitwacho himoglobini, na kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kila mahali mwilini. Chembe nzima huishi siku 120 hivi, ndipo huvunjwa na nyingine huzaliwa ndani ya mifupa.

Kwa mgonjwa wa selimundu mambo huenda sawa mpaka himoglobini inapoishusha oksijeni yake. Hapo himoglobini hushikana zenyewe kwa zenyewe, zikawa kama fimbo ndefu ndani ya chembe, na chembe nzima ikapinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Chembe iliyopinda ni ngumu, haipiti vizuri katika mishipa myembamba. Sisi tunaokaa kando ya barabara kuu twajua lori moja likilala katikati ya njia linavyofanya: magari yote yaliyo nyuma husimama, na mzigo haufiki Dar es Salaam. Vivyo hivyo damu ikizibwa, sehemu iliyo mbele hukosa oksijeni, na maumivu yake, hasa ya mifupa na viungo, hayaelezeki kwa asiyeyapata. Tena chembe hizo huishi siku 10 mpaka 20 tu, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake mara nyingi huwa manjano.

Basi mtu wa namna hii akikimbizwa, mwili wake hutumia oksijeni upesi. Akikaa na kiu, damu huwa nzito. Akipigwa na baridi, mishipa yake husinyaa. Kila moja katika hayo matatu yaweza kumlaza hospitali. Huo ndio uvivu wenyewe.

Sasa, kwa nini himoglobini yake ishikane na ya mwingine isishikane? Himoglobini ni protini, na protini ni kama shanga zilizotungwa katika uzi. Shanga hizo huitwa asidi amino, nazo ni za namna 20. Himoglobini moja ina nyuzi nne: mbili za alfa na mbili za beta. Uzi wa beta una shanga 146. Mwaka 1949 mtaalamu wa Marekani, Linus Pauling, pamoja na wenzake, alionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya watu wengine, na hiyo ikawa mara ya kwanza ugonjwa kufuatwa mpaka ndani ya molekuli moja. Baadaye Vernon Ingram wa Cambridge, Uingereza, akazichambua shanga zenyewe katika mwaka 1956 na 1957. Akakuta kwamba katika shanga 146 za beta iliyo tofauti ni moja tu, ya sita: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Nilipoelezwa hivyo darasani sikuamini mara moja.

Amri ya kutunga shanga imeandikwa katika DNA, ambayo kwa Kiswahili twaiita vinasaba. Umbo lake lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, wakisaidiwa na picha za eksirei za Rosalind Franklin. DNA ni kama ngazi ndefu iliyosokotwa, na maandishi yake yana herufi nne tu: A, T, G na C. Chembe husoma herufi tatu kwa pamoja, na kila tatu hutaja shanga moja. Kipande cha maandishi chenye amri ya protini huitwa jeni. Katika jeni ya beta, mahali pa sita pangepaswa kusomwa GAG. Kwa mwenye selimundu pamesomeka GTG. A imekuwa T, basi.

Asiyeona jinsi herufi moja iwezavyo kuleta msiba mkubwa hivyo na aandike "mama anapika", kisha aifute k na kuweka g.

Maandishi haya yamekunjwa ndani ya kiini cha chembe katika vifungu 46 viitwavyo kromosomu, 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama. Kwa hiyo kila mtu ana nakala mbili za jeni ya beta, katika kromosomu ya 11 ya kila upande. Mwenye nakala mbili nzima hana neno. Mwenye moja nzima na moja ya mundu twamwita mbebaji, naye kwa kawaida ni mzima, acheza mpira, alima, azaa, wala hajui kitu. Mgonjwa tunayemsema hapa ni yule mwenye nakala mbili za mundu.

Nawaomba wazazi wachukue vikombe viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, na katika kila kimoja watie harage moja jeupe na moja jekundu. Jekundu ndilo la mundu. Fumba macho, toa harage moja katika kila kikombe, uyatazame pamoja: huyo ni mtoto. Kisha yarudishe, utoe tena. Ukifanya hivyo mara nyingi utaona kwamba karibu robo ya watoto hupata meupe mawili, nusu hupata moja moja, na robo hupata mekundu mawili. Lakini angalia neno "yarudishe". Wako watu wadhaniao kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika, kwa kuwa robo imekwisha. Sivyo. Vikombe havikumbuki. Kila mimba ni kutoa upya, na hatari ni ileile robo. Familia moja yaweza kupata wagonjwa wawili mfululizo, na nyingine yenye wazazi wa namna ileile isipate hata mmoja, bila mkono wa mtu kuwapo.

Angalia tena kwamba mekundu mawili hayawezi kutoka katika kikombe cha mama peke yake. Mwenye kumshitaki mama wa mwenzetu na ajue kwamba harage la pili lilitoka katika ukoo ulioshitaki.

Hapa ndipo linapokuja swali lililonifanya nilipende somo hili. Zamani, kabla ya hospitali, watoto wenye nakala mbili walikufa wengi kabla ya kuzaa, na kila aliyekufa alikwenda na jeni mbili za mundu kaburini. Kwa nini basi jeni hiyo haikwisha duniani?

Jibu lilipatikana huku kwetu Afrika Mashariki. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kulelewa Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alifuatana na msafara wa chuo hicho uliokwenda Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona ajabu. Katika watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, wenye mundu walizidi 20 katika kila 100. Katika watu wa nyanda za juu, hawakufika hata mmoja katika 100. Pwani na ziwani wana nini ambacho watu wa milimani hawana? Wana mbu wengi. Akafikiri kwamba huenda nakala moja ya mundu humkinga mtu na malaria.

Mwaka 1953 akarudi kulijaribu wazo lake. Kule Uganda alipima damu za watoto 290. Kati ya wabebaji 43, waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 12, yaani karibu 28 katika 100. Kati ya wasio na mundu 247, walikuwa 113, yaani karibu 46 katika 100. Habari hizo alizitangaza mwaka 1954.

Lakini hesabu niipendayo mimi ni ya Musoma, aliyoitoa mwaka 1956. Alilinganisha watoto wachanga 287 na watu wazima 654. Katika wachanga, wabebaji walikuwa 89, sawa na 31 katika 100, na wenye nakala mbili walikuwa 9, sawa na 3 katika 100. Katika watu wazima, wabebaji walikuwa 249, yaani wamepanda wakawa 38 katika 100, na wenye nakala mbili walikuwa 5 tu, hawafiki hata mmoja katika 100. Soma tena tarakimu hizo polepole. Wenye nakala mbili wamepungua, hilo twalitazamia. Lakini wabebaji wameongezeka, na mtu haongezewi jeni akikua! Maana yake ni kwamba wale wenye nakala mbili nzima nao walikuwa wakifa njiani, na aliyewaua zaidi ni malaria. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi, Kenya, walionyesha kwamba mtoto mbebaji hukingwa na malaria kali kwa kiasi cha 90 katika 100.

Njia yake ni hii: kijidudu cha malaria huingia katika chembe nyekundu na kuzaana humo. Chembe ya mbebaji ikiisha kuingiliwa hupinda upesi, na bandama huikamata na kuiharibu pamoja na mgeni wake. Nisieleweke vibaya hapa. Mbebaji hupata malaria, ila mara nyingi si ile kali, na chandarua chamhusu. Kwa mwenye nakala mbili malaria ni hatari kubwa mno.

Hapa Chalinze ni njia panda, na kila siku twaona wafugaji waliotoka nyanda za juu wakipita na ng'ombe wao kati ya wenyeji wa mabonde ya Wami na Ruvu. Tofauti ya damu zao katika jambo hili haikuletwa na kabila, ililetwa na mbu. Ndiyo maana jeni hiyohiyo hupatikana pia Oman na India, palipokuwa na malaria. Hiyo inayoitwa damu mbaya ndiyo iliyowavusha babu zetu wa pwani, la sivyo wengi wetu tusingezaliwa.

Yakadiriwa kwamba katika Tanzania watoto 11,000 hivi huzaliwa na selimundu kila mwaka. Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikiwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wengi tangu 2004. Iko dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo huuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya utotoni, isiyopinda. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iliwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huu. Mwaka huohuo Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kuikata DNA kwa mkasi wa molekuli, lakini bei yake Marekani yapita dola milioni 2, kwa hiyo sisi tuendelee na vidonge na maji ya kunywa.

La mwisho ni kipimo. Kipimo cha haraka cha hospitali ndogo huonyesha tu kwamba mundu upo katika damu. Hakisemi kama nakala ni moja au mbili, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita chaweza kukosea kabisa, kwa kuwa himoglobini yake ya utotoni haijaisha. Mzazi akiambiwa "mundu upo" aulize wapi atapimwa himoglobini kwa umeme. Hiyo ndiyo njia aliyoitumia Pauling mwaka 1949, nayo hutofautisha mbebaji na mgonjwa.