Fahamu: Amri ya kumzuia shabiki mkorofi kuvuka mpaka

Ni amri ya mahakama inayomkataza mtu aliyethibitika kufanya vurugu za mpira kuingia uwanjani au kuifuata timu nje ya nchi. Uingereza iliipa nguvu mwaka 2000, baada ya mashabiki wake kuzua ghasia Charleroi, Ubelgiji, wakati wa Euro. Aliyefungiwa huamriwa kukabidhi pasipoti yake kabla ya mashindano ya nje.

Inatuhusu nini Lubumbashi?

Shabiki wa Mazembe, klabu yetu, anayetoka mtaa wa Hewa Bora hufika Zambia kwa barabara, kupitia Kasumbalesa. Msimu wa 2019/20 timu ilipangwa kundi moja na Zesco ya Ndola, Zambia, katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mashabiki wakifanya vurugu, CAF, shirikisho la soka la Afrika, huiadhibu klabu, kwa faini au mechi bila watazamaji, na hapo maelfu wasio na kosa hubeba mzigo wa wachache. Ni haki zaidi kumbana mkosaji mwenyewe. Wapo watakaosema amri hiyo itageuzwa fimbo ya kuwaonea watu. Hofu hiyo ni ya kweli, ndiyo maana lazima aamue hakimu, kwa ushahidi, kwa muda maalumu, na rufaa iwepo. Lakini amri hiyo tusiitwishe kila kitu: Mei 2014, katika mechi ya V.Club na Mazembe kwenye uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, watu wapatao 15 walikufa katika mkanyagano, baada ya polisi kurusha mabomu ya machozi. Hapo kosa halikuwa la mashabiki peke yao.