Kapteni Brownrigg na Jahazi la Watumwa

Ukitoka mjini Unguja ukaelekea kaskazini kwa njia ya Bububu, baada ya kilomita zipatazo 20 utafika Mangapwani. Hapo wanaishi wakulima na wavuvi. Karibu na pwani kuna chumba kilichochimbwa chini, ndani ya mwamba wa matumbawe, kikaezekwa kwa mawe. Ukishuka ngazi, utaingia gizani. Humo walifichwa watu waliongojea kuuzwa.

Kwa nini walifichwa?

Zamani watumwa waliuzwa hadharani, katika soko la Mkunazini. Tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na Waingereza. Hakutia saini kwa hiari yake. Alitishwa kwamba manowari zitaifunga bandari yake. Mkataba huo ulifunga soko na kukataza kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari. Lakini kuwa na mtumwa nyumbani au shambani bado kuliruhusiwa.

Kwa hiyo biashara haikufa, bali ilijificha. Mwaka 1872 kimbunga kikali kilikuwa kimeangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Mikarafuu ya Pemba ilinusurika. Mashamba ya huko yakahitaji watu wengi zaidi wa kulima na kuchuma. Wafanyabiashara waliona faida. Wakawaleta watumwa kwa majahazi na kuwashusha penye fukwe za kificho.

Kazi ya Kapteni

Kuanzia mwaka 1874 Waingereza waliweka manowari katika bandari ya Unguja. Iliitwa London. Ilikuwa meli kuukuu ya mbao. Kazi yake haikuwa kusafiri, bali kuwa makao ya mabaharia. Kutoka hapo mashua ndogo zilikwenda kuzunguka Unguja na Pemba. Mabaharia walikaa ndani yake siku nyingi, juani na mvuani. Walisimamisha majahazi, wakaangalia hati, wakatazama waliobebwa. Walipokuta watumwa, waliwachukua. Baadhi ya walioachiwa huru walipewa makazi Mbweni, kwenye misheni.

Mwaka 1881 mkuu wa manowari hiyo alikuwa Kapteni Charles Brownrigg. Yeye hakukaa tu melini kutoa amri. Alitoka mwenyewe kwa mashua kwenda kuona kazi inavyofanyika.

Bendera ya Ufaransa

Kulikuwa na tatizo moja kubwa. Ufaransa haikuwaruhusu Waingereza kupekua majahazi yenye bendera yake. Waingereza waliweza tu kuhakikisha kwamba jahazi lina haki ya kupeperusha bendera hiyo. Wafanyabiashara wa watumwa walilijua jambo hili. Baadhi yao walipandisha bendera ya Ufaransa mlingotini. Juu kulikuwa na kitambaa cha rangi tatu. Chini, ndani ya jahazi, kulikuwa na watu waliobanana kama magunia.

Siku ya kifo

Tarehe 3 Desemba, 1881, Kapteni Brownrigg alikuwa katika mashua ya mvuke karibu na Pemba. Alikuwa na mabaharia wachache. Wakaliona jahazi lenye bendera ya Ufaransa. Nahodha wake aliitwa Hindi bin Khatim. Kapteni aliisogeza mashua karibu. Hakuwa na nia ya kupigana. Alitaka kuhakikisha bendera na hati tu, na watu wake hawakujiandaa kwa vita.

Mara watu wa jahazi wakafyatua bunduki. Kisha wakairukia mashua wakiwa na panga. Mabaharia wengine waliuawa, wengine wakaangukia baharini. Kapteni alibaki akipigana. Aliishika bunduki yake kama rungu, akapiga kulia na kushoto. Alikatwa na kuchomwa mara nyingi, na mwisho akafa. Jahazi likatweka tanga, likaenda zake na watumwa wake.

Sultani Barghash alimtuma Lloyd Mathews, mkuu wa jeshi lake, kumsaka Hindi bin Khatim. Mathews alimkuta Pemba. Wakapigana, na Hindi akakamatwa akiwa na majeraha. Akafa kwa majeraha hayo.

Kapteni Brownrigg alizikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja. Kaburi lake lina jina. Lakini watumwa waliokufa njiani, wakatupwa baharini, hawana kaburi wala jina. Chumba cha Mangapwani ndicho ukumbusho wao. Sisi tukisoma habari za Kapteni, tuwakumbuke na wao.

Tunajifunza nini?

Mkataba wa 1873 haukutosha. Hata kifo cha Kapteni hakikutosha. Utumwa wenyewe ulipoteza nguvu ya sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na uliendelea kupungua hadi ulipokomeshwa kabisa mwaka 1909. Sheria iliyofunga soko peke yake iliacha wazi mlango wa faida. Maadamu mashamba yalitaka watumwa, majahazi yaliwaleta.

Tunajifunza pia kwamba bendera na karatasi huweza kuficha uovu. Siku hizi hakuna soko la Mkunazini, lakini wapo watu wanaodanganya vijana kwa ahadi ya kazi nzuri mbali na kwao. Wakifika huko hunyang'anywa hati zao na kufanyishwa kazi bila mshahara. Ndiyo maana mwaka 2008 Tanzania ilitunga sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu.

Wewe sasa unajua kusoma. Mtu akikuletea karatasi ili mwanao aende kazini mbali, usitie kidole wala saini upesi. Isome yote. Uliza: Mwajiri ni nani? Mahali ni wapi? Mshahara ni kiasi gani, na nani atashika hati za kusafiria? Asipokujibu, usimpe mtoto.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini watumwa walifichwa Mangapwani baada ya mwaka 1873?
2. Kwa nini Hindi bin Khatim alipandisha bendera ya Ufaransa?
3. Je, katika kijiji chenu kuna vijana waliochukuliwa kwenda kufanya kazi mbali? Habari zao zinafika?