Mfilisti Alikuwa Nani?

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana na Wafilisti kama maadui. Ndio waliomng'oa Samsoni macho baada ya Delila kuwauzia siri yake, ndio walioteka sanduku la agano, na shujaa wao ni Goliathi, ambaye Waislamu wanamfahamu kwa jina la Jaluti. Katika mahubiri mengi neno Mfilisti sasa hutumiwa kwa kila kinachomsumbua mtu, iwe maradhi, deni au jirani mkorofi. Katika Kiingereza limekwenda mbali zaidi: humtaja mtu asiyethamini sanaa wala elimu, anayejali mali na starehe zake tu.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Mfilisti hana undugu na mfilisi, yule anayesimamia mali ya kampuni iliyoanguka. Kufilisi na muflisi vimetufikia kutoka Kiarabu, katika ukoo uleule wa fulusi, yaani pesa. Kufanana kwa sauti ni sadfa.

Jina la Wafilisti linaonekana kwa mara ya kwanza Misri. Kwenye kuta za hekalu la Medinet Habu, ng'ambo ya Nile mkabala na Luxor, Farao Ramses wa 3 alichongesha habari za vita vyake vya mwaka wa 8 wa utawala wake, karibu 1175 KK. Miongoni mwa waliomshambulia kwa bahari na kwa nchi kavu wametajwa watu ambao jina lao limeandikwa kwa konsonanti p-r-s-t. Maandishi ya Misri ya wakati huo hayakuwa na herufi maalumu ya l, hivyo wataalamu husoma Peleset. Katika michoro hiyo wapiganaji wamevaa kofia zinazofanana na taji la manyoya, na nyuma yao kuna mikokoteni ya ng'ombe iliyobeba wanawake na watoto. Mwanajeshi anayekwenda kupora na kurudi haendi na watoto. Hao walikuwa watu waliohama.

Walihama kutoka wapi? Nabii Amosi anasema Wafilisti walitoka Kaftori, mahali ambapo wataalamu wengi wanapatambua kuwa kisiwa cha Krete. Kwa muda mrefu ushahidi mkubwa wa kuunga mkono kauli hiyo ulikuwa vyungu: vyombo vyao vya mwanzo vinafuata mitindo ya ulimwengu wa Wagiriki wa kale. Mwaka 2019 ushahidi ulitoka kwenye mifupa. Watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 10 waliozikwa Ashkeloni katika vipindi mbalimbali. Watoto wachanga waliozikwa chini ya sakafu za nyumba mwanzoni mwa makazi ya Wafilisti walikuwa na sehemu ya asili ya kusini mwa Ulaya. Katika mifupa ya karne chache baadaye, asili hiyo haionekani tena kwa urahisi, maana walikuwa wameoana na wenyeji.

Wapo waliojaribu kulieleza jina lenyewe kwa mzizi wa Kiebrania unaohusishwa na kuvamia. Siridhiki na maelezo hayo. Wamisri waliliandika jina hili kabla ya maandishi yoyote ya Kiebrania tunayoyajua, na ni kawaida kwa watu kulipa jina la kigeni maana ya lugha yao, hasa jina hilo likiwa la adui. Wayahudi waliotafsiri maandiko kwa Kigiriki walifika hatua nyingine: katika vitabu kama vya Samweli hawakuandika jina kabisa, waliandika tu neno lenye maana ya watu wa kabila lingine.

Hebu tuwatazame Wafilisti wenyewe. Miji yao mikuu ilikuwa mitano: Gaza, Ashkeloni, Ashdodi, Ekroni na Gathi. Walifinyanga vyombo vilivyopambwa kwa nyekundu na nyeusi, vyenye ndege aliyegeuza shingo. Huko Ekroni wachimbaji wamefukua zaidi ya mashinikizo 100 ya mafuta ya zeituni, na mwaka 1996 walipata jiwe la hekalu linalomtaja mtawala Akishi mwana wa Padi, aliyelijenga kwa ajili ya mungu wake wa kike. Biblia yenyewe, ukiisoma kwa utulivu, inakiri ustadi wao: Samweli wa Kwanza inasema Israeli haikuwa na mhunzi, na wakulima wake walishuka kwa Wafilisti kunoa majembe na mashoka. Daudi alipomkimbia Sauli, alipewa hifadhi na mfalme wa Gathi. Baadaye, mwanawe Absalomu alipoasi, Itai Mgiti, yaani mtu wa Gathi, mji uleule wa Goliathi, alikataa kumwacha Daudi.

Miji yao ilimalizwa na Wababeli. Ashkeloni iliteketezwa na Nebukadreza mwaka 604 KK, na Wafilisti hawakuonekana tena kama taifa. Jina lao halikufa. Mwanahistoria Mgiriki Herodoto, katika karne ya 5 KK, alilitumia kwa nchi pana kuliko pwani ile, na baada ya uasi wa Wayahudi wa mwaka 132 hadi 135 BK Warumi waliliita jimbo zima Syria Palaestina. Waarabu wakasema Filastini, sisi tukapata Palestina. Wapalestina wa leo wanaitwa kwa jina la nchi hiyo. Kuwachukulia kuwa ndio Wafilisti wa Goliathi, kama baadhi ya wahubiri wanavyofanya, ni kosa la historia lenye madhara kwa watu walio hai.

Na tusi la Kiingereza? Chimbuko lake ni Ujerumani. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 17, katika mji wa Jena, mwanafunzi aliuawa kwenye ugomvi na wenyeji, na mhubiri wa mazishi akachukua maneno ya kisa cha Samsoni yanayowataja Wafilisti. Kwa vyovyote, wanafunzi wa Kijerumani walizoea kuwaita raia wasio wasomi Wafilisti. Mshairi na mhakiki Mwingereza Matthew Arnold alilieneza neno hilo Uingereza, hasa kwa kitabu chake Culture and Anarchy cha 1869, akiwalenga matajiri wapya wa viwandani.

Kwa hiyo, mfasiri ukikutana na neno hilo katika Kiingereza, usiandike Mfilisti. Msomaji wako atamwona Goliathi, na mwandishi hakumkusudia. Andika mtu asiyethamini sanaa, au asiyejali elimu. Waliopamba vyungu vya Ekroni na Ashdodi hawastahili kubebeshwa tusi hilo kwa Kiswahili pia.