KUUGUZA NI ZAMU, SI ADHABU YA MTU MMOJA!

Wiki hii tuweke kando habari za wapenzi na mitindo ya nywele. Tuongelee jambo ambalo vijana wengi tunalo majumbani ila kijiweni hatulitaji: kuuguza.

Simzungumzii nesi mwenye mshahara wake. Namzungumzia yule binti wa Manzese au Mbagala ambaye mama yake kapigwa kiharusi, upande mmoja wa mwili umelegea, na hospitali imeshamruhusu kurudi nyumbani. Kikao cha familia kinachukua nusu saa tu. Kaka mkubwa ana kazi, dada wa pili ameolewa, wa tatu yuko Mwanza. Macho yote yanamgeukia yeye. "Si wewe upo upo tu nyumbani?" Basi, hukumu imepita hiyo!

Kuanzia hapo ni yeye wa kuogesha, kulisha, kufua mashuka na kuamka saa nane za usiku. Biashara yake ya kusuka inakufa, mchumba naye anaanza kununa. Watu wanapiga simu: "Mgonjwa anaendeleaje?" Hakuna anayeuliza: "Na wewe je?" Wahenga walishasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama ukiwa mbali, mwepesi kweli kweli!

Haya, tuupime huo mzigo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo anaota vidonda visigino, nyongani na chini ya mgongo. Piga hesabu: ni mara 12 kwa siku, mara 84 kwa wiki. Hapo hujafua, hujapika uji, hujachota maji. Hata awe baunsa, mtu mmoja hawezi.

Kwa hiyo tufanyeje?

ZAMU IANDIKWE
Maneno matupu ya "tutasaidiana" hayana kazi, kila mtu huyasahau akishapanda daladala. Chukueni karatasi, andikeni: nani analala na mgonjwa Ijumaa, nani anampeleka kliniki, nani analeta maji. Bandikeni ukutani. Ndugu atakayeruka zamu yake aone haya mwenyewe kila akipita.

Na kaka zangu, msijikaushe hapo! Kama kumwogesha mama ni jambo la heshima na unaona vigumu, aitwe shangazi au dada. Lakini kufua, kupika uji, kupanga vidonge na kukesha hakuhitaji sketi.

ANAYETUMA HELA ASIFOKE
Kuna kaka anatuma 50,000 kwa mwezi, halafu akipiga simu anafoka kama bosi: "Kwa nini mama kakonda?" Kaka, asante kwa hela, bila hizo dawa hazinunuliki. Lakini usingizi wa mdogo wako nao ni mchango. Siku ya kuhesabu michango, na wake uhesabiwe.

MGENI APEWE KAZI
Wageni wa kumjulia hali mgonjwa tunawajua. Wanaingia saa nne, wanasema pole, wanakaa mpaka ubwabwa uive. Usiwachukie, watumie! "Shangazi, shikamoo, karibu. Naomba unikalie na mama kidogo nikalale." Mjinga atakasirika, mwenye upendo atavua viatu na kuuliza uji uko wapi. Machungwa ni mazuri, ila anayefua shuka moja kamzidi mwenye machungwa.

JIFUNZE KABLA HAMJATOKA WODINI
Manesi na wataalamu wa mazoezi ya viungo wanajua mbinu. Waombe wakuonyeshe, nawe ujaribu mbele yao. Unapomwinua mgonjwa, kunja magoti, usipinde mgongo. Wekeni shuka lililokunjwa chini yake, mmevuta wawili, mmemaliza. Wakati wa kula mkalishe wima, kijiko kidogo kidogo, na asilazwe mara tu baada ya kula. Akikohoa kila anapomeza, rudini hospitali, maana chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu.

JIANGALIE NA WEWE
Ukiona usingizi hauji hata ukipata nafasi, chakula hakipandi, unalia ovyo, au unamkaripia mgonjwa halafu unajichukia, ujue umezidiwa. Wala si laana, na si kwamba humpendi mama yako. Tafuta mtu wa kumwambia, iwe rafiki, kiongozi wa dini au daktari. Pima na presha yako. Presha kubwa ni moja ya sababu kuu za kiharusi, na nyumba moja haihitaji wagonjwa wawili.

Kama umeajiriwa, ongea na bosi mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilipotungwa iliweka siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wako akiumwa au akifariki. Mzazi alitajwa pia, lakini akishafariki! Mzazi anayeumwa hakuwekwa kwenye kifungu hicho. Ajabu kweli.

Halafu msidhani haya ni mageni. Miaka ya 1990, kabla dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, nyumba nyingi ziligeuka wodi. Vikundi kama WAMATA, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1989, vilitoa ushauri nasaha kwa mgonjwa na kwa familia yake pia. Walijua kwamba anayeuguza akianguka, mgonjwa anaanguka naye.

Kwa leo naishia hapa. Wewe ambaye mdogo wako anauguza, ukimaliza kusoma ukurasa huu usimtumie meseji ya pole. Nenda Jumamosi, vua viatu, mwambie akalale.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!