Malezi Kwanza, Kikapu Baadaye

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wahenga hawakuutaja mpira wa kikapu, lakini usemi wao unauhusu.

Hakeem Olajuwon, aliyezaliwa Lagos mwaka 1963, aliuanza mchezo huo akiwa na miaka 15 hivi. Wepesi wa miguu aliupata katika kandanda na mpira wa mikono. Bidii na heshima alifunzwa na wazazi wake. Aliiongoza timu ya Houston kutwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1994 na 1995. Februari 1995, akiwa katika saumu ya Ramadhani, aliteuliwa mchezaji bora wa mwezi.

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam naye alianza ujanani. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kuingia ligi hiyo, Mtanzania wa kwanza kuifikia. Mwaka uliofuata alipelekwa kwa muda ligi ya chini. Kimo pekee, twaona, hakizibi pengo la miaka ya mazoezi.

Kijana wa Jadida, huko Wete, huamkia chuoni na skuli, na msimu wa karafuu huchuma na kuchambua pamoja na wazee wake. Subira na utiifu ameshafunzwa. Linalobaki ni mafunzo ya mapema.

Hivyo tunawaomba wahusika: sakafu ngumu, magoli mawili na mwalimu viwe karibu na skuli, na saa za mazoezi zisigongane na za chuo. Wazazi nao wasiuhesabu mchezo kuwa uhuni. Wao wametoa malezi. Serikali itoe uwanja.