Leseni ya udereva kwa mtandao: safari ipi inaondoka, ipi inabaki

Dereva wa lori anayeishi Giteranyi, kaskazini mashariki mwa Burundi, yuko karibu zaidi na Tanzania kuliko na Bujumbura. Mpaka wa Kobero, unaotazamana na Kabanga wilayani Ngara, ni wa jirani. Bujumbura iko umbali wa zaidi ya kilomita 200. Akilazimika kufunga safari hiyo kwa ajili ya karatasi moja, siku za kazi zimepotea, na tangu uhaba wa mafuta ulipoanza kuisumbua nchi hiyo mwaka 2021, nauli nayo haitabiriki. Kwa mtu kama huyo, huduma za leseni kupitia mtandao si jambo la anasa.

Hata hivyo, neno "mtandaoni" huahidi zaidi ya linachotoa. Katika nchi za Afrika Mashariki zilizokwisha kuanza, kinachofanyika kwa simu au kompyuta ni kujaza fomu, kulipa na kupanga siku ya kufika. Kupimwa udereva na kuchukuliwa alama za vidole kunamtaka mhusika mwenyewe.

Rwanda ilianza mapema: tangu mwaka 2015 jukwaa la Irembo limekuwa likipokea maombi ya huduma za serikali, zikiwemo za leseni. Kenya ilianza kutoa leseni yenye chipu mwaka 2017. Mwombaji huingia eCitizen, hulipa shilingi 3,050 kwa leseni ya miaka mitatu, kisha huchagua kituo cha kwenda kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Uganda nayo hupokea fomu kwa mtandao, lakini mwombaji hufika kituoni.

Kwa upande wa Tanzania, polisi wa usalama barabarani ndio wanaompima dereva, na Mamlaka ya Mapato (TRA) ndiyo inayotoa leseni. Bajeti ya 2019/20 iliongeza muda wake kutoka miaka mitatu hadi mitano, na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo yenye tarakimu 12, benki au kwa simu. Hapo ndipo vishoka wa mpakani wanapopenyea: humpa dereva namba ya simu ya mtu binafsi badala ya namba ya malipo ya serikali. Fedha ikienda huko, leseni haipo na risiti haipo.

Swali linalofaa kuulizwa ni kwa nini anayehuisha leseni aitwe tena ofisini wakati alama zake tayari ziko kwenye kumbukumbu. Picha hubadilika na macho huchoka, hilo linaeleweka, na uchunguzi wa macho kwa dereva wa lori haufai kurukwa. Lakini vidole ni vilevile. Kama kupima macho kungefanywa hospitali ya Muyinga na taarifa ikatumwa kwa mtandao, safari ya Bujumbura isingekuwa na kazi.

Dereva wa Burundi asidhani kwamba ukaribu wa Ngara utamsaidia. Mfumo wa Tanzania huanza na namba ya mlipa kodi na utambulisho wa nchi hiyo. Wa Kenya nao unadai kitambulisho au hati ya ukaazi.

Kwa wasafirishaji, faida kubwa zaidi huenda isiwe fomu bali uhakiki. Askari aliyeko barabara ya Ngara hadi Dar es Salaam akiweza kuingiza namba ya leseni ya Burundi katika simu na kuona kama ni halali, lori haliegeshwi kusubiri majibu. Hadi hapo, tajiri wa lori hana budi kukagua mwenyewe tarehe ya mwisho ya leseni kabla ya kupakia, akihesabu siku za kwenda, za kusubiri mzigo bandarini, na za kurudi Kobero.